Kanda Chafu ya Jazi ya Baba Mkwe

Mpaka leo ukipita Mbugani siku ya soko utaisikia ile jazi ya zamani ikitoka kwenye spika za mwenye duka la kanda. Watu wazima wanasimama na baiskeli zao, mguu mmoja chini, wanatikisa vichwa. "Sikia ilivyo safi," wanaambiana. "Kama wamepiga jana." Hata vijana ambao hawajawahi kuishika santuri kwa mikono yao wananunua. Mimi nikisikia hilo neno, safi, damu inanichemka. Sisemi ile jazi ni mbaya. Nasema ninajua kilichofutwa ili iwe safi, kwa sababu kilichofutwa ni mimi.

Mwenye ile jazi alikuwa baba mkwe wangu. Hayupo tena. Uso wake niliuona mara moja tu, akiwa ndani ya jeneza, na huo sitausimulia hapa.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawapendani, hawaonani. Akija njiani unaingia migombani, unampa mgongo, unajifunika khanga mpaka apite. Chumbani kwake huingii. Ukimtaja ni Tata tu, yaani baba. Jina lake hulitaji, wala la mtu mwingine aliyeitwa kama yeye. Mjomba wangu wa damu ana jina hilohilo, na tangu niolewe namwita "yule wa Busale". Chakula unapika wewe, anapeleka mwingine. Najua kuna nyumba siku hizi wamelegeza. Wapo waliokaa Mbeya mjini wanapeana mikono na wakwe zao kama wenyeviti wa mkutano. Nyumba niliyoolewa mimi, kijijini Ipyana, haikulegeza kitu.

Niliingia pale nimemaliza kidato cha nne, cheti changu kiko kwenye mfuko wa nailoni chini ya sanduku la nguo. Mama mkwe alishafariki. Mzee alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, na jiko langu lilijengwa kwa kuegemea ukuta wa chumba chake. Huo ukuta ndio uliokuwa uso wake. Nilimjua kwa kikohozi, kwa fimbo yake kwenye sakafu, kwa kandambili zake za mpira wa tairi. Na nilimjua kwa kuimba. Alikuwa haimbi maneno. Alikuwa anavuma kwa mdomo uliofungwa, sauti ya chini inayotembea polepole, inapanda kidogo, inarudi, kama mtu anayemfuata mwenzake njiani bila kutaka kumpita. Nilikuwa nakatakata ndizi nikijiuliza: huyo anayefuatwa yuko wapi? Wimbo wenyewe uko wapi?

Wifi yangu, dada wa mume wangu ambaye ndiye aliyekuwa akimhudumia mzee, alinieleza. Ujanani baba yao alikwenda migodi ya Afrika Kusini, kule ambako wazee wa huku wanapaita Joni. Wengi wa huku walikwenda. Wengine walirudi na blanketi na cherehani, wengine hawakurudi. Yeye alijifunza tarumbeta kwenye bendi ya kambi yao, jazi ya kwelikweli, na siku moja bendi ile ikapelekwa mjini ikaingizwa kwenye santuri. Alirudi Kyela na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sanduku la santuri. Gramafoni ilikatika springi kabla sijaolewa, na huku hakuna aliyejua kuitengeneza. Santuri zikakaa uvunguni. Kwa hiyo mimi nilichokuwa nasikia ukutani ni mzee anayejipigia kipande chake mwenyewe, peke yake, bendi nzima ikiwa imelala chini ya kitanda.

Halafu kiharusi kikampiga, katikati ya mvua za masika, maji yamejaa mpaka kwenye mashina ya migomba. Upande wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Na kuvuma kukaondoka. Jiko langu likawa kimya hivi kwamba nilikuwa nagonga sufuria makusudi.

Akaanza kukataa chakula. Sahani zilikuwa zinarudi kama zilivyokwenda. Nilimpikia wali, wali wa huku kwetu ambao watu wa Dar wanauota, ukarudi. Nilimpikia mbasa, samaki wa ziwa letu, kwa nazi. Akarudi na mkia wake na kichwa chake. Wifi alikuwa analia mlangoni pa jiko na sahani mkononi. Shemeji yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mzee, alikuja akasimama uani akasema, "Mzee amechoka. Mwacheni apumzike." Kupumzika! Mume wangu alikuwa Tunduma. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mwanaume mwenye miguu yuko mpakani ananunua mitumba huku anauza kule. Alituletea redio kaseti mpya kwa mkono wa dereva wa lori, na salamu: mwambie mke wangu avumilie.

Sikuvumilia. Nilitaka jambo moja, na niliseme waziwazi maana baadaye watu walisema nilitaka mengine. Nilitaka yule mzee, kabla hajafa, ajue kwamba nyuma ya ukuta kuna mtu. Si chakula kinachotokea tu. Mtu. Na kwa kuwa kinywa changu kilikuwa kimefungwa na desturi, niliona kitu kimoja tu kinachoweza kuupita ule ukuta bila kuvunja chochote: jazi yake mwenyewe.

Wifi akazitoa santuri uvunguni. Nzito, nyeusi, zinavunjika ukizitazama vibaya. Nikazipanga kwenye kapu, katikati nikajaza pumba za mpunga zisigongane, nikafunga kapu kwenye keria ya baiskeli, binti yangu mgongoni, nikaenda Mbugani.

Mwenye duka la kanda asili yake pwani, babu yake ndiye aliyekuja huku na biashara ya nguo. Kofia nyeupe, tumbo mbele, maneno mengi kuliko bidhaa. Unampelekea santuri, anakurekodia kwenye kanda. Alifungua kapu langu akaniangalia.

"Mama, umeniletea santuri au chakula cha kuku?"

"Ni pumba. Nimeweka zisivunjike."

"Zisivunjike, zizibe! Tazama, zimeingia kwenye mistari yote. Wanyakyusa nyie, siku mkisafirisha yai mtalifunika kwa wali."

"Na wewe ungelifunika kwa nini? Kwa maneno?"

Akacheka, akaanza kuzifuta na kitambaa. Alikuwa na kabati kubwa la redio la marehemu baba yake, lenye sahani ya santuri juu yake. Waya wa kuliunganisha na redio kaseti hakuwa nao bado, alisema umeagizwa Dar. Kwa hiyo akaiweka redio kaseti mbele ya spika ya kabati, ili ile maiki yake ya ndani ivute sauti. Akafunga mlango wa duka. Akaweka kidole mdomoni kwake: kimya. Nikamtia mtoto ziwa mdomoni asilie.

Sindano ikashuka. Kwanza ni mkwaruzo, kama mtu anakaanga usipa, dagaa wa huku, kwenye mafuta mengi. Halafu, chini ya mkaango ule, watu. Ngoma, gitaa, tarumbeta inalia juu kama inamwita mtu aliyeko ng'ambo ya mto. Nilisahau joto. Nilisahau hata ziwa limetoka mdomoni kwa mtoto. Wimbo ukaisha na yule bwana akainua sindano, akachukua santuri ya pili akaanza kuifuta, na tukaanza kuongea.

"Huyu mzee mwenyewe ndiye anapiga hapo?"

"Wanasema."

"Wanasema? Si mkweo? Hujamuuliza?"

"Kwetu mkwe haulizwi. Sijawahi hata kumwona uso."

"Astaghfirullahi. Na mnaishi boma moja?"

"Namjua kwa kikohozi. Nampikia kila siku ya Mungu na hajawahi kuniambia, we binti, leo chumvi imezidi. Hata angenitukana ningefurahi. Ningejua nampikia mtu."

"Na wewe ungeruhusiwa kusema, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia, Tata, kula bwana! Unanirudishia sahani kama uko hotelini."

Yule bwana alicheka mpaka akashika kabati. Binti yangu akacheua. Mwenye duka akaweka santuri ya pili tukanyamaza tena. Umeme wa siku zile ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo alizipiga zote mfululizo, harakaharaka, akajaza pande zote mbili za kanda, na hatukurudisha kanda nyuma kusikiliza. Nikaichukua nikaondoka.

Kesho yake alasiri wifi aliiingiza redio chumbani kwa mzee. Barazani walikuwepo shemeji na shangazi yao, dada wa mzee, waliokuja kumjulia hali. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele kwenye ungo, masikio yamesimama. Mkaango ukaanza. Tarumbeta ikaanza. Nikasikia shangazi anasema, "Ndaga, ndaga," asante, asante, sauti imemlegea. Nikapepeta kwa mwendo wa ngoma. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa.

Wimbo ukaisha. Na kutoka chumbani kwa mkwe wangu nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema: "Wanasema."

Yule bwana hakuwa ameisimamisha kanda. Ilikuwa inazunguka muda wote tulipokuwa tunaongea.

"Mungu wangu!" shangazi akapiga ukelele. "Ameingia! Ameingia kwa mzee!"

Shemeji akarukia chumbani. Akapita, akatokea mlango wa nyuma, akanikuta nimesimama na ungo. Akanitazama mimi, halafu akageuza sikio ndani, ambako nilikuwa naendelea kueleza habari za kikohozi.

"Wewe uko wapi?" akaniuliza.

"Niko hapa, shemeji."

"Na mle ndani?"

"Mle ndani pia, inaelekea."

Wifi masikini alikuwa hajaizoea ile redio. Alitaka kuizima, akaongeza sauti. Kwa hiyo ile "Tata, kula bwana!" ilitoka dirishani ikaenda mpaka barabarani, ambako mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo kichwani alisimama.

Kikao kilikaa palepale barazani. Mimi nilikaa kwenye kona ya nyumba, mahali ambapo dirisha la mzee halifiki, naupa mgongo hata ukuta wake.

"Sauti ni mtu," alisema shangazi. "Ameingia na ametamka. Amemwamrisha baba mkwe wake ale kama mtoto."

"Shangazi, kila siku redioni mwanamke anasoma taarifa ya habari mlemle chumbani. Mbona hamjamwitia kikao?"

"Yule si mkamwana wa nyumba hii."

"Ana bahati."

"Unaona?" shemeji akasema, akiwatazama wengine. "Shida ni shule. Tuliambiwa."

"Kidato cha nne, shemeji. Wala sikufaulu sana."

Pembeni alikaa wifi. Alikuwa anakunja ncha ya khanga yake, anakunja, anakunjua. Akasema chini kwa chini, "Mzee alicheka."

"Nani alicheka?"

"Mzee. Pale wifi aliposema hotelini. Alicheka kwa upande huu mmoja wa mdomo."

"Ule ni ugonjwa," akasema shangazi. "Mdomo umepinda tangu alipoanguka."

Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Mtu ambaye jambo linamhusu alikuwa nyuma ya mlango mmoja. Akili yake nzima, mkono wake wa kushoto mzima, macho yake mazima. Hakuna aliyeingia kumuuliza kama amekosewa heshima. Walinikalia mimi kikao kwa ajili ya heshima yake, na yeye wakamhesabu kama kiti kilichomo chumbani. Jioni ile sahani yake ilirudi imeliwa nusu. Niliwaonyesha. Nilishika ile sahani mbele ya pua ya shemeji. Akasema ni paka.

Uamuzi ukatoka: nirudi Mbugani, irekodiwe upya, sauti yangu isiwemo hata punje. Ile ya kwanza niichome moto. Nikaitika. Kisha nikaitumbukiza ndani ya debe la mchele, chini kabisa, na kwa kuwa hakuna mwanaume wa nyumba ile aliyewahi kuingiza mkono kwenye debe la mchele, ilikuwa salama kuliko benki.

Mwenye duka alinipokea kwa aibu, habari zilishamfikia. "Nimekuvunjia ndoa, mama?"

"Bado. Rekodi tena, na safari hii ufunge mdomo wako na wangu."

Safari hii waya ulishafika kutoka Dar, na pamoja nao kisanduku chenye vitufe vya kuteleza juu na chini, cha kuchambua sauti. Alikuwa anajivuna nacho kama amekizaa. Aliziosha santuri moja moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akazitoa pumba zangu kwa pamba, akazikausha kwa kuzisimamisha kivulini. Akaunganisha. Akaanza kusogeza vile vitufe, hiki chini, kile juu, sikio limeinama. Na mkaango ule wa usipa ukaanza kuondoka. Ukarudi nyuma, ukarudi nyuma, kama wageni wanaoaga, mpaka wakabaki wale watu peke yao.

Sitadanganya kwa sababu nina hasira. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Ulisikia mtu anavuta pumzi kabla ya kupuliza. Ulisikia kiatu kinapiga sakafu ya mbao. Mmoja aliingia mapema, kabla ya zamu yake, na badala ya kuacha akaendelea hivyohivyo kwa ujasiri mpaka wenzake wakamfikia, na kosa lake likawa ndiyo njia ya wote. Walikuwa vijana wa migodini, chumba kimoja, nafasi moja. Ukikosea, umekosea mbele ya wajukuu wako. Nadhani hicho ndicho kinachowasimamisha watu na baiskeli zao pale dukani, wakijua wasijue. Nyimbo za siku hizi zinatengenezwa mpaka mtu haonekani ndani yake. Mle mtu anaonekana. Anatoka jasho.

Na chini ya ile tarumbeta inayolia juu kulikuwa na nyingine. Sikuwa nimeisikia mara ya kwanza, mkaango ulikuwa umeifunika. Inatembea polepole, inapanda kidogo, inarudi, inamfuata mwenzake bila kutaka kumpita.

Nilimshika mkono yule bwana, na mimi si mtu wa kuwashika mikono wanaume wa watu. "Huyo," nikamwambia. "Huyo wa chini. Ndiye yeye."

"Umejuaje?"

"Nimepika naye miaka."

Hakucheka. Akasogeza kitufe kimoja, kidogo sana, na tarumbeta ya chini ikasogea mbele. Machozi yalinitoka nikiwa nimenuna, maana nilikuwa sitaki kumpa mtu faida. Nilimwona mkwe wangu kijana, mashavu yamevimba, kabla ya mke, kabla ya shemeji, kabla ya mimi. Nilikuwa nimekwenda ili yeye anijue mimi, kumbe ni mimi niliyekuwa naletewa yeye.

Aliniomba abaki na nakala moja ya kuuza. Nikamwambia amuulize shemeji. Shemeji akakubali siku ileile, tena kwa furaha. Fikirieni. Tarumbeta ya mzee iliruhusiwa kwenda kwenye kila kibanda, kila mwanamke wa Kyela aisikie akinunua chumvi. Sauti ya mkamwana kumwambia mzee ale, hiyo ndiyo iliyochafua nyumba.

Kanda safi ikaingizwa chumbani. Wifi ndiye aliyenisimulia, akikimbia kati ya chumba na jiko. Mzee alisikiliza amefumba macho. Tarumbeta ya chini ilipoingia, chozi likashuka upande ule ulio hai. Shemeji alikuwa amekaa pale, kifua kimemvimba. Wimbo ukaisha, ikapita nafasi ndogo ya ukimya, wa pili ukaanza. Mzee akafumbua macho. Akainua mkono wa kushoto akagonga ubao wa kitanda.

"Anataka maji," shemeji akasema.

Wakampa maji. Akageuza uso. Akagonga.

"Anataka ipunguzwe."

Ikapunguzwa. Akagonga kwa nguvu zaidi. Wakarudisha kanda mwanzo. Akatulia wimbo mzima, na ulipoisha, kwenye ile nafasi ya ukimya, akagonga tena, anautazama mlango. Mimi nilikuwa jikoni nasikia kugonga kule ukutani na nilikuwa najua. Jioni sahani ilirudi imejaa. Kesho yake ikarudi imejaa. Kugonga kukaendelea, kila wimbo wa kwanza ukiisha, na kila siku kukiwa kunapungua nguvu.

Wifi ndiye aliyethubutu. Nilimsikia akimwambia kaka yake barazani: "Kaka, hataki maji. Anamtafuta wifi."

Shemeji aliinuka. Halafu akaja mpaka mlangoni pa jiko, akasimama anatazama migomba, si mimi.

"Ile kanda ya kwanza uliichoma?"

"Mlisema niichome."

"Sikuulizi tulisema nini. Nakuuliza uliichoma?"

"Iko kwenye debe la mchele."

Akavuta pumzi kupitia puani. Sijui kama ilikuwa hasira au nafuu. "Ilete."

"Naileta. Lakini naibonyeza mwenyewe."

"Usianze."

"Sijaanza, shemeji, namaliza. Mlinisomea mashtaka ya kuingia chumbani wakati sijaingia. Basi niingie, yawe ya kweli."

Shangazi akaja mbio, haya mambo yanamvuta kama sukari. "Haijawahi kutokea katika nyumba hii!"

"Mtu kufa kwa njaa na chakula kipo, hiyo imewahi kutokea?"

Mbuzi wa jirani alikuwa anakula kitu uani na wote tukamwangalia. Shemeji ndiye aliyetangulia kusema. Alizungumza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtoto wa mtu.

"Kinyumenyume," akasema. "Na khanga kichwani. Usigeuke. Na usiseme neno lolote."

"Neno nilishasema," nikamjibu. "Limo kwenye kanda."

Niliosha mikono. Binti yangu alikuwa analialia na hakukuwa na wa kumwachia, kwa hiyo nikamfunga mgongoni, nikajifunika khanga ya pili kichwani, nikaacha uso wa mtoto wazi apate hewa. Wifi alinishika kiwiko akaniongoza. Nikaingia chumbani kwa baba mkwe wangu kwa kisigino kwanza. Nilikuwa naona mlango tu, na uso wa shemeji mlangoni, na vidole vyangu vya miguu. Palinuka dawa ya kuchua na mwili wa mtu aliyelala muda mrefu. Nilisikia pumzi yake. Ukuta haukuwepo katikati na nilishangaa jinsi ilivyokuwa ndogo.

Redio ilikuwa kwenye kigoda kando ya kitanda. Nilichuchumaa nikiwa bado nimempa mgongo, nikapapasa, nikaingiza kanda, nikabonyeza.

Mkaango. Tarumbeta ya juu. Ile ya chini ilikuwa imezama kwenye mkwaruzo na pumba zangu, lakini sasa nilijua ilipo, na nadhani sote wawili tulikuwa tunaisikia. Binti yangu akanyamaza. Nilikuwa sijafikiria hilo: nilipompa mzee mgongo, nilimpa uso wa mtoto. Walikuwa wanatazamana. Mtoto alikuwa haogopi mtu.

Wimbo ukaisha, na yule mwanamke mwenye mdomo akaanza kuongea na mwenye duka. Wanasema. Kwetu mkwe haulizwi. Nilifumba macho kwa aibu, shemeji anasikia kila neno, shangazi anasikia. Namjua kwa kikohozi. Nikahisi kitu kinavuta khanga upande wa kushoto. Mzee alikuwa ameushika mguu wa mtoto. Sikugeuka. Nilihisi tu kupitia kitambaa, mkono mzito umekamata kile kiguu na haukiachii. Tata, kula bwana! Na mguu wa mtoto ukaanza kutikisika, na mtoto mzima mgongoni mwangu akatikisika, na mimi nikatikisika naye, kwa sababu mtu aliyeushika alikuwa anacheka kwa kifua kizima bila kutoa sauti.

Shemeji alitazama chini. Shangazi alikuwa amefunika mdomo kwa khanga.

Tukasikiliza mpaka mwisho. Kitufe kikaruka chenyewe, tap. Nilingoja mtu aniambie nitoke. Mkono ulikuwa bado umeshika mguu wa mtoto. Shemeji akaegemea mwimo wa mlango. Nikaitoa kanda kwa kupapasa, nikaigeuza upande wa pili, nikabonyeza.